Aliyepandikizwa uloto, mifupa yake ni ya nani?

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita, na wiki hii nimeulizwa darasani swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa namna iliyoniridhisha mimi mwenyewe, sembuse aliyeuliza. Tulikuwa tunazungumzia watoto wenye selimundu wanaopandikizwa uloto, yaani ile tishu laini iliyomo ndani ya mifupa, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nami nikaeleza kwamba seli shina zilizomo ndani ya uloto ndizo zinazozalisha chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Binti mmoja anayekaa nyuma akasimama akasema: "Mwalimu, juzi ulitufundisha kwamba seli shina za uloto hutengeneza pia mfupa. Sasa mtoto akipewa uloto wa kaka yake, baada ya miaka kumi mifupa yake itakuwa yake au ya kaka yake?"

Nikaomba muda. Kitabu tunachotumia kinasema mahali pamoja kwamba osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa, hutokana na seli shina za uloto, na kurasa chache mbele kinasema kwamba osteoklasti, yaani seli zinazomomonyoa mfupa, nazo hutokana na seli shina za uloto. Nimezisoma sentensi hizo mbili kwa miaka bila kuona kwamba zikiwekwa pamoja zinaleta swali. Je, tunazungumzia seli shina za aina moja au za aina mbili? Na kama ni mbili, nani alithibitisha, na kwa jaribio gani? Ninaomba jaribio hasa, kwa sababu wanafunzi hawa ukiwaambia "wanasayansi wanasema" wanakutazama tu.

Mtafiti wa tishu

Mwalimu, mpe hongera binti huyo. Swali lake liliwahi kujibiwa hospitalini, kwa mgonjwa halisi, na jibu lilitoka likiwa limegawanyika: baadhi ya seli za mfupa zilikuwa za mtoaji, nyingine zilibaki za mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1980 Peter Coccia na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitoa taarifa ya mtoto wa kike wa miezi mitano aliyekuwa na ugonjwa uitwao osteopetrosisi. Katika ugonjwa huo osteoklasti hazifanyi kazi, kwa hiyo mfupa hujengwa bila kumomonyolewa, hunenepa kwa ndani hadi kuliziba pango la uloto, hubana neva zinazopita kwenye matundu ya fuvu, na mtoto huishia kuwa na upungufu wa damu na hata upofu, huku eksirei ikionyesha mifupa myeupe iliyojaa kama jiwe. (Uimara huo ni wa kwenye picha tu, kwani mifupa hiyo huvunjika kirahisi.) Mtoto huyo alipewa uloto wa kaka yake wa miaka mitano. Mifupa ikaanza kumomonyolewa, pango likafunguka, na damu ikapata mahali pa kutengenezwa. Kwa kuwa mtoaji alikuwa mvulana na mpokeaji msichana, watafiti walikuwa na alama ya kuwatofautisha bila kugharimia lolote, nayo ni kromosomu Y, ambayo kwa kawaida wanaume tu ndio wanayo. Walipochunguza kipande cha mfupa wa mtoto, osteoklasti zilikuwa na alama ya Y, yaani zilikuwa za kaka. Osteoblasti hazikuwa nayo.

Kwa hiyo sentensi zote mbili za kitabu chako ni za kweli, ila neno "uloto" (sisi wa pwani tumezoea kusema uboho) limefunika koo mbili za seli zinazoishi nyumba moja. Ukoo wa kwanza ni wa seli shina za damu, ambazo James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walizithibitisha kwa majaribio ya panya mwaka 1961. Osteoklasti ni wa ukoo huo: chembe nyeupe za aina ya monositi hukusanyika juu ya mfupa, huungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, kisha humwaga asidi na vimeng'enya juu ya mfupa. Ukoo wa pili ni wa seli za kiunzi cha uloto, na ndio unaozaa osteoblasti, seli za mafuta ya uloto, na, mazingira yakiruhusu, seli za gegedu, ile tishu ngumu kiasi lakini yenye kupindika kama ya sikio.

Ukoo huu wa pili tunaufahamu kwa kazi ya Alexander Friedenstein, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Gamaleya mjini Moscow. Kuanzia miaka ya 1960 alichukua uloto wa mnyama mmoja akauweka ndani ya mwingine, mahali pasipo na mfupa kabisa, chini ya utando unaofunika figo. Baada ya wiki kadhaa pakaota kijumba cha mfupa chenye uloto ndani yake. Alipopima nani amejenga nini, majibu yakawa kinyume kabisa cha yale ya mtoto wa Minnesota: mfupa ulikuwa wa mtoaji, ilhali damu iliyokuwa ikitengenezwa ndani ya mfupa huo ilikuwa ya mpokeaji. Nyumba ilikuwa ya mgeni, wapangaji walikuwa wa mwenyeji.

Wenye shaka wangeweza kudai kwamba labda seli za mwenyeji zilijipenyeza zikajenga mfupa huo. Friedenstein alikwisha kulitazama jambo hilo: alizifungia seli za uloto ndani ya kijichumba chenye kuta za chujio linalopitisha maji na lishe lakini lisilopitisha seli, akakizika tumboni mwa mnyama, na mfupa ukaota humo humo ndani. Mwaka 1970, akitumia uloto wa simbilisi, alieleza njia rahisi zaidi ya kuzipata seli hizo, ambayo maabara zinaitumia hadi leo. Ukiumimina uloto katika chombo cha kuoteshea seli, seli nyingi sana za ukoo wa damu huelea nawe huzimwaga unapobadilisha majimaji, lakini seli chache hushika sakafu ya chombo, na kila moja huzaa kundi lake. Ni chache kwelikweli: katika uloto wa mtu mzima hukadiriwa kuwa moja kati ya seli 10,000 hadi 100,000.

Mwanafunzi wako atauliza, na atakuwa na haki, kwa nini majibu ya Moscow na ya Minnesota yanapingana. Hayapingani; njia ndiyo tofauti. Daktari humpa mgonjwa uloto kupitia mshipa, kama dripu. Seli shina za damu zinajua kusafiri na kurudi mifupani zenyewe. Seli shina za mfupa si za kusafiri, kwani makao yake, kama kundi la Paolo Bianco wa Roma lilivyoonyesha mwaka 2007 kwa uloto wa binadamu, ni kwenye ukuta wa nje wa vimishipa vya damu ndani ya uloto, ambako zimejishikiza. Ukizimimina kwenye mshipa, nyingi hunaswa mapafuni na kupotea. Friedenstein hakuzisafirisha kwa damu. Alizihamisha na kuziweka moja kwa moja mahali alipotaka, kwa hiyo mafundi walifika kazini wakiwa wazima.

Daktari mwanafunzi, Nairobi

Ninakubaliana na Mtafiti kwa sehemu kubwa, ila ningependa mwalimu asirudi darasani na neno "kamwe". Mwaka 1999 Edwin Horwitz na wenzake, wakiwa Memphis, Marekani, walitoa taarifa ya watoto watatu wenye osteojenesisi impafekta, ugonjwa wa kurithi ambao kolajeni, yaani protini ya nyuzi inayoushikilia mfupa, huwa na kasoro na mifupa huvunjika mara kwa mara. Watoto hao walipandikizwa uloto wa ndugu zao kwa njia hiyo hiyo ya mshipa. Osteoblasti zilipochunguzwa, asilimia 1.5 hadi 2 hivi zilikuwa za mtoaji. Ni kiasi kidogo, na ukuaji ulioongezeka miezi ya mwanzo ulipungua kasi baadaye, lakini si sifuri. Jibu sahihi kwa binti huyo, kwa maoni yangu, ni kwamba karibu osteoblasti zote zitabaki zake.

Jambo la pili ni jina. Wanafunzi wakitafuta mtandaoni watakutana na "seli shina za mesenkaima", jina ambalo Arnold Caplan wa Cleveland alilipa umaarufu mwaka 1991. Jina hilo limeleta vurugu kubwa, kwa kuwa baada ya muda kila seli iliyoshika sakafu ya chombo, iwe imetoka kwenye mafuta ya tumbo, kitovu au jino, iliitwa hivyo. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha tiba ya seli kiliweka masharti ya chini: seli zishike plastiki, ziwe na protini za juu ya seli zinazotumika kama alama, yaani CD73, CD90 na CD105, zisiwe na alama za ukoo wa damu kama CD45, na maabara iweze kuzigeuza kuwa mfupa, mafuta na gegedu. Masharti hayo yalisaidia kuleta utaratibu, lakini seli inaweza kuyatimiza yote ndani ya chombo na isijenge mfupa hata chembe ikiwekwa mwilini. Caplan mwenyewe, mwaka 2017, aliomba jina libadilishwe, akisema kwamba kazi kubwa ya seli hizo zikidungwa ni kutoa kemikali zinazozisaidia seli nyingine. Bianco na Pamela Robey, kwa upande wao, walishikilia kwamba za kwenye uloto ziitwe seli shina za kiunzi cha mifupa, na kwamba kipimo cha haki ni kile cha Friedenstein: ziweke mwilini uone kama zitajenga mfupa wenye uloto ndani. Mimi niko upande wao.

Mama Salma

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wasomi. Kwa hiyo huu uboho wa supu tunaowapikia waliovunjika miguu haufiki kwenye mfupa?

Mtafiti wa tishu

Mama, karibu sana, hujaingilia. Seli za uboho wa ng'ombe hufa sufuriani, na kilichobaki humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Mgonjwa hupata mafuta na nguvu, na akila na nyama yenyewe hupata protini, ambayo mwili unaihitaji kwelikweli kutengeneza kolajeni. Endelea kumpikia, ila usimwondolee maziwa na dagaa.

Tabibu wa mifupa

Ninaandika kama mtu anayewaona hawa wagonjwa kila juma. Mwalimu ameanza na selimundu, na hapo koo hizi mbili zinakutana kwa namna ya kusikitisha. Chembe zilizopinda kama mundu huziba vimishipa vidogo, na mahali panapoumia mapema ni kichwa cha mfupa wa paja, pale kinapoingia kwenye nyonga. Mfupa wa hapo hukosa damu, hufa, na mgonjwa akiendelea kuukanyaga huporomoka. Nimewaona vijana wa miaka ishirini wanaotembea kama wazee wa themanini.

Philippe Hernigou, daktari wa mifupa wa Ufaransa ambaye wagonjwa wake wengi wana selimundu, alizoea kutoboa kijinjia hadi kwenye sehemu iliyokufa, akachota uloto wa mgonjwa mwenyewe kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga, akauzungusha kwenye mashine ili seli zikolee, kisha akaudunga humo. Katika taarifa ya mwaka 2002 alieleza nyonga 189. Kati ya nyonga 145 zilizotibiwa kabla ya kichwa cha mfupa kuporomoka, 9 tu ndizo zilizohitaji baadaye kuwekewa nyonga bandia. Kati ya 44 zilizokwisha kuporomoka, zilihitaji 25. Fundisho la takwimu hizo kwa wazazi wa watoto wenye selimundu ni kwamba maumivu ya nyonga au ya kinena yasiyoisha yachunguzwe mapema, maana fundi hata awe hodari hawezi kuezeka nyumba ambayo kuta zake zimelala chini.

Taarifa yake nyingine, ya mwaka 2005, ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu alihesabu. Aliwatibu wagonjwa 60 waliovunjika muundi na mfupa ukakataa kuunga, akawadunga uloto wao wenyewe uliokolezwa. Mfupa uliunga kwa wagonjwa 53. Wale 7 ambao haukuunga walikuwa wamedungwa uloto wenye seli chache za ukoo wa pili. Kumbe si suala la kudunga "seli shina" tu, ni suala la ngapi. Na hapa kuna kosa la mkono ambalo wengi hulifanya: ukichota uloto mwingi kwa mkupuo mmoja kutoka tundu moja, kinachojaa bombani baada ya mililita chache ni damu ya kawaida. George Muschler na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba ni bora usizidishe mililita 2 kila mahali, kisha usogeze sindano.

Ninasisitiza hili kwa sababu binamu yangu aliuza kiwanja ili adungwe "seli shina" za goti katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Alipoomba kujua ni seli za nani, zimetoka wapi na zimehesabiwaje, alioneshwa kipeperushi chenye picha za rangi. Goti lake liko vilevile. Nasi wenye taaluma tuna lawama yetu, kwani tumeruhusu neno moja litumike kwa upandikizaji wa uloto, ambao unaokoa maisha na umethibitishwa kwa miongo mingi (Edward Donnall Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo), na kwa biashara za aina hii ambazo hazina hata daftari la kumbukumbu za wagonjwa.

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Nawashukuru sana. Leo nimeanza kwa kuwaonyesha wanafunzi mfupa wa kuku uliokaa siku kadhaa kwenye siki hadi ukapinda kama mpira, na mwingine uliochomwa juu ya mkaa hadi ukavunjika vumbi ukiguswa, ili waone kwamba mfupa ni kolajeni na madini pamoja na kwamba kila upande peke yake haufai. Kisha nikawasimulia Moscow na Minnesota. Darasa lilitulia kuliko siku zote.

Maswali mawili yamebaki. La kwanza: mtu mwenye afya akivunjika mkono, mafundi wanaounga mfupa wanatoka ndani ya uloto? La pili: mfupa wa kijusi unajengwa na nani, ikiwa wakati huo hakuna uloto?

Mtafiti wa tishu

Nianze na la pili, kwa kuwa linanyoosha na la kwanza. Katika kijusi mfupa hutangulia na uloto hufuata. Damu ya mwanzo hutengenezwa kwingine, hasa kwenye ini. Mifupa bapa ya fuvu na sehemu kubwa ya mtulinga hujengwa moja kwa moja, seli za mesenkaima, yaani tishu changa ya kijusi, zikigeuka osteoblasti. Mifupa mirefu hupitia njia ndefu zaidi. Seli hukusanyika na kuwa gegedu lenye umbo la mfupa ujao, chini ya usimamizi wa jeni iitwayo Sox9; seli za katikati ya gegedu huvimba, mishipa ya damu hupenya, na pamoja na mishipa hiyo huingia seli changa zitakazokuwa osteoblasti, zilizokuwa kwenye utando wa nje. Gegedu huliwa, mfupa huwekwa, na nafasi inayobaki wazi katikati ndiyo inayokuja kuwa pango la uloto. Jeni inayoamuru seli iwe osteoblasti ni Runx2: mwaka 1997 panya walioondolewa jeni hiyo walizaliwa wakiwa na kiunzi cha gegedu tupu, hawana mfupa hata mmoja, na wakafa mara baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua. Binadamu mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo huweza kuzaliwa na mitulinga midogo au asiwe nayo kabisa, hata akaweza kuyakutanisha mabega yake kifuani.

Rekebisha pia jambo moja ambalo vitabu vingi vimelichelewesha: seli za gegedu zilizovimba hazifi zote. Tangu mwaka 2014 majaribio ya kuwekea seli alama katika panya yameonyesha kwamba sehemu yake hugeuka kuwa osteoblasti.

Kuhusu mkono uliovunjika, uloto unachangia, lakini mafundi wakuu wanatoka kwenye utando unaouvika mfupa kwa nje, ule ambao mchinjaji huukwangua kwa kisu. Léopold Ollier wa Lyon, Ufaransa, alikwisha kuonyesha katika karne ya 19 kwamba utando huo ukihamishiwa mahali pengine huotesha mfupa. Mwaka 2009 Céline Colnot alizifuatilia kwa alama seli za panya waliovunjika, akaona kwamba seli za utando hutoa gegedu na mfupa, ilhali seli za upande wa uloto hutoa mfupa tu. Mfupa mrefu usiofungwa imara kabisa huunga kwanza kwa gegedu, ule uvimbe mgumu unaoupapasa majuma machache baada ya kuvunjika, kwa hiyo utando hauna mbadala. Ndiyo maana mpasuaji makini hauchani bila sababu. Tabibu atanisahihisha nikikosea.

Tabibu wa mifupa

Hujakosea. Ninaongeza tu kwamba jeraha lililoharibu nyama na utando kwa pamoja, kama yale ya bodaboda tunayoyaona, ndilo linalokataa kuunga, na ndiyo sababu ya wagonjwa 60 wa Hernigou kuwa wa muundi: upande wa mbele wa muundi una ngozi tu juu yake.

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Nimewapelekea yote hayo. Binti yule yule akanyosha mkono tena: "Mwalimu, huyo dada aliyepewa uloto wa kaka yake akiacha tone la damu mahali, polisi wakalipima, watamkamata kaka?"

Mtafiti wa tishu

Upandikizaji ukifaulu, vinasaba vya tone hilo vitakuwa vya kaka, na kromosomu Y itakuwamo. Maabara hutumia kipimo cha aina hiyo hiyo kila baada ya muda kujua kama uloto wa mtoaji bado umeshika. Mate ya dada yatatoa majibu ya watu wawili, kwa kuwa yana seli za mashavu yake na chembe nyeupe za kaka. Wachukue mizizi ya nywele. Hiyo ni yake.